Kichuguu cha Baba Omuse

Mdogo wangu Nafula,

Habari za Mundika? Goti lako limepona, na yule ng'ombe ameshazaa? Mimi huku Uarabuni ni mzima, ila nyayo zimevimba na hasira imenijaa mpaka kooni. Barua hii nimempa dada mmoja wa Bumala anayerudi nyumbani, kwa sababu simu wewe huiweka kwenye spika na watoto wanasikiliza kila kitu. Isome ukiwa peke yako.

Juzi matajiri wangu walipeleka watoto wao jangwani kulala kwenye mahema. Michezo yote niliiendesha mimi: kuvuta kamba, kukimbia na magunia, kutafuta pipi nilizozifukia mchangani. Nikimaliza naingia kupika, nikitoka kupika naitwa tena nicheze. Yule mdogo wao alicheka mpaka akasinzia mapajani mwangu. Hapo nikawakumbuka wangu niliokuachia, Amoit na Omuse, na ile kambi ya Disemba kule Kocholia kwenye shamba letu, nikaona uchungu upya.

Wewe nilikugusia tu, sikukueleza yote. Shemeji Ekisa, ndugu wa marehemu mume wangu, alikuja kutoka Nairobi na watoto wake na mahema yake, akawaalika wangu pia. Nilimshukuru sana, mjinga mimi. Kisha Amoit akanipigia, furaha tele.

"Mama, si unajua ile kichuguu ya baba? Tumeimaliza yote! Uncle alisema mwenye atabeba karai mingi za mchanga anapewa mpira. Omuse ndio alishinda."

Nafula, nilikaa chini sakafuni. Unajua kile kichuguu ni nini kwetu. Marehemu baba mkwe alipowagawia wanawe shamba alisimama juu yake akanyoosha mkono: kuanzia hapa kwenda mtoni ni kwa mume wangu, pamoja na kichuguu na kumbikumbi wake; kuelekea barabarani ni kwa Ekisa. Alama nyingine hakuna. Nilipompigia Ekisa, alicheka.

"Shemeji, hiyo ilikuwa game ya watoto tu. Walienjoy. Na hiyo mpaka unasema, iko wapi? Tutaongea ukikuja."

Wanaonyang'anya mayatima shamba, hao wapo kila mahali. Lakini anayewafanya mayatima wabebe mpaka wao wenyewe kwa makarai, huku wanashangilia, huyo nataka alie. Nasema wazi. Mama alitufundisha kusamehe na nitasamehe, lakini kwanza aaibike.

Sasa nisikilize. Ameniandikia kwamba Pasaka atarudi na mahema. Usimzuie. Wapeleke watoto, na wewe uende nao. Ekisa amekaa mjini mpaka amesahau mambo ya nyumbani: alisawazisha juu akatandaza mahema, chini hakugusa. Malkia wa mchwa bado yumo. Si unakumbuka kile cha nyuma ya jiko la mama? Kililimwa kila mwaka, na kila mvua kilitoa kumbikumbi.

Mvua ikishanyesha vizuri na jua likatoka, waambie watoto wote, wake na wangu, kuna mchezo. Wape vijiti na mbao kavu, wakae palepale alipotandaza mahema, wapige mdundo kama mvua, polepole kisha haraka, wanyunyize maji, waimbe, mpaka kumbikumbi wadanganyike kwamba mvua imerudi. Wasimike vijiti vingine, juu yake wafunike blanketi liwe hema lao dogo, na sufuria chini ya kuwakinga kumbikumbi. Omuse anaujua mdundo, alifundishwa na babake. Mwalike mama mkwe, na mzee wa mtaa aliyekuwepo siku ya kugawa, ingawa sasa hata yeye hawezi kuonyesha kichuguu kilisimama wapi hasa. Waambie wanakuja kuona watoto wakicheza, usiongeze neno.

Kumbikumbi wakianza kutoka, najua watoto wa Ekisa ndio watakaopiga kelele kwanza: "Dadi, kuja uone, kichuguu iko hapa!" Hicho ndicho ninachokitaka. Aitwe na watoto wake mwenyewe, mbele ya mamake. Mzee apigilie kigingi papo hapo, na wewe upande makonge ya mpaka kabla watu hawajaondoka. Kumbikumbi wasipotoka, Nafula, sina ushahidi mwingine, na wanangu watakuwa wageni kwenye shamba la baba yao. Kwa hiyo usiwahimize watoto kuanza kabla mvua haijakolea.

Watoto wake usiwaseme vibaya. Wacheze, wale, walale vizuri. Hawana kosa.

Nisalimie mama mkwe, mwambie leso zake zimo kwenye mzigo uliokuja na barua hii. Nisalimie mwalimu wa Amoit, na jirani yako fundi wa baiskeli aliyekutengenezea mlango. Wanangu wabusu wote wawili. Omuse usimwambie alichokifanya na lile karai, mpaka nitakapomwambia mwenyewe.

Jambo la mwisho. Hao kumbikumbi wakaange kwa chumvi, kila mtu umpe sahani yake. Kule Kocholia anayekula kumbikumbi wa kichuguu cha mtu huomba kwa mwenyewe kwanza. Ekisa mwache akae mikono mitupu, watu wote wakimwangalia, mpaka amwombe Omuse. Na Omuse mwambie asiharakishe kukubali.

Ni mimi dada yako,
Nekesa