Treni za Hajja

Jeddah, Jumanne

Kanzu ya bosi imeungua mgongoni na bado sijamwambia madam. Kesho nitasema. Leo sina nguvu.

Nilikuwa napiga pasi, kwenye TV kikaanza kile kipindi cha yule mzungu anayezunguka Ulaya kwa treni na kitabu cha zamani cha wasafiri mkononi. Akishuka stesheni anatafuta hoteli iliyoandikwa humo. Hajja, mamake madam, alikipenda sana. Alikuwa ananiita niache vyombo, nikae naye kwenye kochi, si sakafuni. Kabla mzungu hajafika tunabahatisha: mimi nasema hoteli bado ipo, yeye anasema mafi, haipo tena. Akishinda ananifinya shavu.

Tangu apelekwe Riyadh kwa mwanawe, sijakalia kochi hilo.

Leo mzungu alikuta benki mahali pa hoteli. Madam naye alikuwa anaongea na mamake kwa video. Nikajisahau, nikaiacha pasi juu ya kanzu, nikakimbilia simu. "Hajja, umeshinda! Hoteli mafi!"

Hajja akanikodolea macho. "Huyu ni nani?"

"Ni Wambui, mama," madam akamjibu. "Aliyekuwa anakuogesha."

Hajja akatikisa kichwa.

"Yalla, Wambui, rudi kazini," madam akaniambia, polepole, kwa huruma. Afadhali angenigombeza.

Hajja aliniangalia vile mzungu alivyoiangalia ile benki. Lakini mimi sijabomolewa. Mimi bado nipo, Hajja.