Mwenyekiti Anachambua Chupa Mpemba

Dada Neema,

Shikamoo kutoka Tunduma, ambako baridi inanilaza na soksi na malori yamejipanga hadi nje ya mji yakisubiri kuvuka kwenda Zambia.

Leo kamati yetu ya taka ilikwenda eneo la Mpemba, hapa jirani, kumwomba ushauri Mama Sichone, anayenunua chupa za plastiki zilizotumika. Mwenyekiti wetu, na suti yake ya harusi, akamsomea mpango wa miaka ishirini wa kisiwa chetu: taka zote zitapakiwa kwenye feri kwenda bara.

"Bara wapi?" mama akauliza.

"Bara tu."

"Kumbe mpango wenu ni kutuletea sisi! Na za nyumbani kwako, kwa sasa unatupa wapi?"

Mwenyekiti akakohoa. Mimi nikatazama viatu vyangu, maana najua.

"Ziwani," akasema.

"Ziwa hilohilo mnalokunywa?"

Wazambia waliokuja kupakia mzigo wakacheka hadi wakashika mbavu. Mama akamkabidhi mwenyekiti glovu, na sote tukachambua chupa mpaka mchana. Kisha akatulisha ugali na maharage, mimi nikaongezewa mara mbili bila aibu. Kabla hatujaaga, mwenyekiti akaufuta ukurasa wa kwanza wa mpango na kuandika upya: "Kila nyumba itatenganisha taka zake, kuanzia kwa mwenyekiti."

Mkewe bado hajui. Nakuomba, dada yangu, usimwambie kabla sijafika, nataka niwepo akisikia. Wabusu watoto, na Mungu awalinde nyote.

Mdogo wako,
Tabu