Mikono Niliyoifuta

Garland, 6 Machi 1999

Mama mpendwa,

Hamjambo huko Nakuru? Goti lako je, limepoa? Mimi huku ughaibuni mwili ni mzima, lakini roho ni mgonjwa. Naona aibu hata kushika kalamu.

Nilikwambia habari za Mzee Whitlow, yule ninayemtunza mchana. Ana sarafu za fedha za Warumi wa kale, kama arobaini hivi. Macho yamemwisha, kwa hiyo anazisoma kwa kidole gumba: hii ina pua ya kaisari, hii ina gari la farasi. Anayoipenda kuliko zote ina mikono miwili iliyoshikana. Marehemu mkewe alimpa siku ya harusi yao.

Jumanne alipolala mchana nikaona zilivyo nyeusi. Nikasema, jamani, mzee wa watu akae na uchafu huu na mimi nipo? Nikazisugua kwa sabuni ya unga na waya wa sufuria, vile ulivyonifundisha, mpaka zikang'aa. Kesho yake akaishika ile yake. Akaipapasa, akaigeuza, akaipapasa tena. "Mikono iko wapi?" Kumbe michoro ilikuwa imebaki kidogo tu, nami nimeimaliza.

Wanawe wakauliza nani kafanya hivi. Nikanyamaza. Wakamfukuza Celestine, mama Mkongomani wa zamu ya usiku.

Binti yako,
Everline

Nakuru, 2 Aprili 1999

Everline,

Goti linauma, asante kwa kuuliza.

Mimi nilikufundisha kusugua sufuria. Kunyamaza mwenzako akiangamia ulifundishwa na nani? Kusugua ni ujinga tu, na mjinga akierevuka husamehewa. Lakini yule mama kafukuzwa kwa kosa lako, na chakula kinakupita kooni! Barua yako nimeificha chini ya godoro, mimi mtu mzima, baba yako asiione.

Nenda ukaseme. Kabla ya hapo usiniandikie.

Mama yako

Garland, 14 Novemba 1999

Mama,

Pole na goti, na pole kwa kungoja. Miezi saba nimekuwa mwoga.

Mwezi jana nilimwambia mzee. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Na mimi nilimtukana yule mama." Akanipa ile sarafu nimpelekee, pamoja na ujumbe kwamba anamwomba msamaha na kazi yake ipo.

Watu wa kanisa la Celestine wakanielekeza kwake: alishahamia Houston. Jumamosi nikaendesha gari saa nne nzima. Nikamweleza yote pale mlangoni, nikilia. Akaichukua sarafu, akaipapasa kwa kidole gumba kama alivyokuwa akifanya mzee.

"Hamna kitu hapa," akasema, akanirudishia. Kazi hataki.

Nikamnyooshea mkono. Akautazama.

"Ingia kwanza, unywe chai. Safari ni ndefu."

Nilikunywa, Mama, hata kikombe cha pili. Akanisindikiza mpaka kwenye gari, akaniombea njia njema. Lakini mkono hakunipa.

Binti yako,
Everline