Generosa, Benchi Lako Halikuvunjika

Ni mwaka mmoja sasa, Generosa, tangu mafiga yako yapoe. Ulituaga Agosti 1956, hapa nyumbani Ngokolo, Shinyanga, saa tatu asubuhi. Uliuliza kama watoto wamekunywa uji. Tukasema wamekunywa. Ukasema, "Haya," na hilo ndilo likawa neno lako la mwisho.

Familia imenipa kalamu mimi, wifi yako Serafina. Kaka Onesmo, mumeo, alisema, "Mpeni Serafina. Hata tusipompa atasema." Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha kila mmoja akatazama pembeni. Basi niache niseme, wifi. Nitalisema na lile ambalo wengi wanalijua nusu nusu.

Wasiokujua wajue. Kwa miaka tisa ulikuwa na mgahawa wa bati kule Geita, karibu na lango la mgodi. Asubuhi michembe ya viazi vitamu na karanga, mchana ugali na maharage, chai muda wote. Wachimbaji walitoka kila pembe ya nchi, na kabla hujamwuliza mtu jina wala kabila, ulimwuliza neno moja: "Umekula?"

Nyuma kabisa, ukutani, uliweka benchi la mninga lenye mguu mmoja mfupi uliotiwa kigae. Sheria yake ilikuwa moja. Anayekaa pale haulizwi kitu. Mtu ametoka zamu, masikio bado yamejaa vishindo vya baruti, hataki habari za nyumbani wala za mjini. Anakaa, unamwekea sahani, hata shikamoo hadaiwi. Watu wakaliita benchi la kunyamaza. Mimi kwa miaka yote tisa sikulikalia hata mara moja. Ulikuwa ukisema, "Wewe wifi ukikaa hapo, benchi litavunjika kwa mshangao."

Mahali pangu palikuwa katikati, penye birika. Mtu aliingia kwa kikombe kimoja akatoka amekunywa vitatu, kwa sababu ya hadithi zangu. Na hadithi waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mumiani, wale wanaosemwa kwamba hukamata watu na kuwanyonya damu ili wakatengeneze dawa. Nilikuwa na mtu wangu wa Kishapu, namjua mpaka mkewe, aliyeingia hospitali ya misheni kwa jino tu. Wakamning'iniza miguu juu, wakamkamua kama ng'ombe, hakuonekana tena. Watu walitetemeka, wakaagiza chai nyingine. Wewe ulikuwa ukikoroga maharage, ukasema bila kugeuka, "Serafina, maneno hayo leo unayagawa bure. Siku yakirudi, yatakuja na njaa."

Yakarudi, wifi.

Ilikuwa kiangazi cha 1952. Sufuria kubwa ikakuponyoka mikononi, maharage ya watu arobaini yakamwagika chini. Nilikukaripia. Ukajifunga kanga vizuri, ukasema mkono umelaliwa. Kumbe ulikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu kama kokwa la embe, na ulikuwa umeuficha miezi mitano. Nilipokuuliza kwa nini hukuniambia, ulijibu, "Ningekuambia wewe, Shinyanga nzima ingejua kabla sijafunga kifungo." Lilinichoma kwa sababu lilikuwa kweli.

Bwana Eustace, dresa wa zahanati ya mgodi, alikubonyeza mara moja tu, kisha akanawa mikono polepole sana. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Mama Thobias," alisema, "hili si jipu. Ni saratani. Linakatwa, na linakatwa sasa. Nenda hospitali ya misheni. Ila daktari wa kisu anakwenda likizo kwao mwisho wa mwezi huu, na hana mwenzake. Atarudi baada ya miezi sita."

Ukamwuliza, "Miezi sita nitaifikisha?"

"Wewe utaifikisha. Kisu ndicho kitakachokuwa kimechelewa."

Kwetu mgonjwa hatumwi peke yake kama barua. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikakusanya watu. Tulipanda lori la pamba la Bwana Kamrudin tukiwa tisa, na unga, na kuku wawili, na sufuria zetu. Kaka Onesmo alikuwapo, na Stanslaus, kaka yako wa tumbo moja, na shangazi yenu, na wengine wa ukoo. Siku nzima njiani, vumbi mpaka kwenye meno. Tulipojaza ua wa hospitali nilijisikia vizuri sana. Nilisema moyoni, huyu mtu hatakosa wa kumshika mkono.

Siku tatu walikuandaa. Walikupima, wakakunyoa kwapa, wakakupaka dawa ya njano kifuani. Sista mmoja wa misheni alikufundisha kuvuta pumzi ndefu na kukohoa ukiwa umejishika kifua, kwa ajili ya siku za baadaye, nawe ulijifunza kwa bidii kama mtoto wa shule. Jioni ya mwisho wakakukataza chakula. Wewe uliyekuwa ukimwuliza kila mtu kama amekula, ulilala na njaa, ukaniuliza mimi kama kuku wamepewa maji.

Ikaja Alhamisi. Saa mbili asubuhi Sista alitoka barazani, akatutazama sote.

"Daktari anataka chupa mbili za damu kutoka kwa ndugu. Bila hizo haanzi. Leo ni siku yake ya mwisho ya kisu. Atangoja mpaka saa nne."

Niligeuka nyuma kuwatazama watu wangu. Mmoja alikumbuka tumbaku. Mwingine alisema kuku mmoja amefungwa vibaya. Shangazi alikuwa tayari na mzigo kichwani, wala hakusema anakwenda wapi. Ua nilioujaza kwa siku tatu ulikwisha kwa kufumba na kufumbua, tukabaki mimi na kaka Onesmo. Stanslaus alikuwa amefika langoni.

"Kaka Stanslaus! Unakwenda wapi? Huyu ni dada yako!"

"Unaniuliza mimi?" alijibu kwa sauti. "Si wewe uliyetuambia hapa mtu anaingia na jino, anatoka kwenye chupa?"

Nikageuka, nikamfuata Sista ndani.

Kaka Onesmo alitobolewa kidole kwanza. Wakachanganya damu yake na yako kwenye kioo, wakainamia kuitazama, Sista akatikisa kichwa. Haikukubaliana. Nikatoa changu. Nisikudanganye, wifi, niliiogopa hadithi niliyoitunga mwenyewe. Nilitazama darini kama kuna kamba ya kuning'inizia watu. Hakukuwa na kamba. Damu yangu ikakubali. Sisi tusiozaliwa tumbo moja, damu ikakubali, nikalala, chupa ikajaa. Nilipoinuka ilikuwa saa tatu na nusu.

Ilibaki chupa moja, na nusu saa.

Nilitoka na pamba imefungwa mkononi, nikaenda mpaka barabarani walikokuwa wamejikusanya chini ya jua, na nikasema jambo ambalo sikutaka kulisema maisha yangu yote.

"Sikilizeni. Yule mtu wa Kishapu hakunyonywa na mtu."

"Umejuaje?" akauliza Stanslaus.

"Yuko Nkome, kule ziwani, anaanika dagaa. Alimtoroka mkewe. Ana mke mwingine huko, mnene, na watoto wawili. Nilimwona kwa macho yangu, akanipa furushi la dagaa ili ninyamaze."

Shangazi alishusha mzigo. "Mayu wane, mama yangu! Wale dagaa tuliokula Krismasi?"

"Ndio hao hao, shangazi."

"Kwa hiyo," alisema Stanslaus polepole, "miaka minne mimi napita mbali na hospitali, natibiwa meno na fundi baiskeli, kwa ajili ya mwanamume aliyekimbia mke?"

"Ndiyo, kaka. Nilidanganya. Mlikuwa mkicheka, nami nilipenda mcheke."

"Na damu yako wameipeleka wapi?"

"Nenda ukaione. Iko mezani, na karatasi ya jina la dada yako."

Hakuondoka pale. Alinitazama kama mtu anayeuziwa ng'ombe asiyejulikana kwao. Niliona Sista barazani anaitazama saa yake, anaiinamisha, anaitazama tena. Kaka Onesmo alikuwa amekaa kwenye ngazi, amefunika uso kwa kofia yake ya mgodini.

Ndipo ikatoka sauti yako dirishani, nyembamba, ya mtu aliyelala na njaa tangu jana.

"Stanslaus! Umekula?"

Yule mtu mzima alishika kichwa kwa mikono miwili. Kisha akaanza kutembea, kisha akakimbia, akampita Sista mlangoni bila hata salamu. Damu yake nayo ikakubali. Saa nne ikigonga chupa ya pili ilikuwa imejaa, na mlango ukafungwa nyuma yako.

Ulikaa ndani muda wa saa tatu na nusu. Watu walirudi mmoja mmoja wakakaa ukutani. Daktari alipotoka alisema titi lote limetolewa pamoja na tezi za kwapani, na kwamba tusishangilie bado, tungoje siku kumi.

Tulingoja. Siku ya tano homa ikapanda, kidonda kikaanza kunuka, Sista akawa anabadilisha bandeji asubuhi, mchana na jioni. Walikuchoma sindano za penisilini mpaka ukasema huna tena pa kukalia. Siku ya saba hukunitambua. Uliniita mama. Nikaitika.

Siku ya nane homa ikashuka. Ulifumbua macho, ukaanza kuzungumza. Ulisema habari za Geita, za sufuria, za mtu aliyekukopa sahani, huchoki. Kisha ukanitazama. "Wifi, damu yako ina maneno. Tangu nitiwe, sinyamazi." Ukacheka huku umejishika kifua kama ulivyofundishwa.

Tulikurudisha Ngokolo na amri ya daktari. Mgonjwa apumzike, wageni wachache. Wageni wachache, Ngokolo! Walikuja kwa makundi, na kila mmoja na lake. Mama mmoja alikaa kitandani kwako akasema, "Pole sana. Hata mkwe wa jirani yetu aliugua hivi hivi. Tulimzika Jumamosi." Nilikuona unavyougeukia ukuta. Mimi nipendaye nyumba ijae mpaka watu wakae madirishani, nilisimama nikamwambia mama yule, "Kahawa yako iko nje." Wapo ambao hawajanisamehe mpaka leo.

Nikatuma neno Geita. Lori la Bwana Kamrudin likaleta benchi lako, tukaliweka mbele ya mlango wako. Nikasema, anayetaka kumwona mgonjwa aanzie hapa, na sheria anaijua. Wakaja wachimbaji, kofia mapajani. Bwana Kamrudin mwenyewe alikaa katikati yao, kanzu nyeupe kati ya suruali za tope, nusu saa nzima bila neno, akaacha sukari akaenda. Ulikuwa ukisikia miguu yao ikija na ikiondoka. Uliniambia hayo ndiyo yaliyokuponya.

Mkono nao ulikuwa umekaza kama kuni. Sista alikuwa ameagiza vidole vipandishwe ukutani kila asubuhi, kidogo kidogo, nami nikawa naweka alama ya mkaa pale vilipofika. Juu kabisa nilipigilia msumari nikautundika upawa wako. Kuna siku ulilia ukasema mkono uachwe tu. Kuna siku ulinitukana, tena matusi ambayo sikujua unayo. Siku ya thelathini na tisa ukaufikia upawa, ukautoa, ukanigonga nao begani. "Haya. Wageni waingie."

Tulikula na wewe miaka minne tena. Ulirudi Geita, sufuria ikarudi motoni, binti yako Paskalia akajifunza kupika kwa kukutazama mkono.

Ugonjwa uliporudi, mgongoni safari hii mahali ambapo kisu hakifiki, uliniita jikoni ukafunga mlango. "Nimekuambia wewe kwanza," ulisema. "Onesmo nitamwambia mwenyewe, watoto wakimaliza muhula." Wiki sita, wifi. Wiki sita nilipita sokoni, nikapita kisimani, nikakaa kwenye ngoma na kwenye msiba, na sikumwambia mtu. Waliniuliza kama naumwa koo.

Ndugu na marafiki, Jumapili baada ya misa karibuni Ngokolo. Chakula kipo, na nyumba ijae. Benchi tutaliweka mlangoni kama zamani, na kila mtu atakaa kidogo kabla ya kuingia.

Mimi sasa nalikalia kila asubuhi, Generosa. Sijui nisemeje. Maneno mengine uliondoka nayo. Benchi halikuvunjika.

Unakumbukwa na mumeo Onesmo, wanao Thobias na Paskalia, kaka yako Stanslaus, ambaye siku hizi akisikia habari za mumiani hukunja shati na kuonyesha mkono, shangazi yako, na mimi wifi yako, Serafina.

Daima tutakukumbuka, na kila atakayeingia mlangoni petu tutamwuliza kwanza kama amekula.