Gunia Juu ya Springi ya Nyuma

“Baiskeli isiyo na springi nyuma imepitwa na wakati.” Salum mdogo wangu, ndivyo wakala wa kuuza baiskeli alivyoiandikia kamati yenu inayowanunulia baiskeli akina mama wa Mkongo. Nakusalimu kutoka hukohuko Mkongo, tope la njia ya Kibiti likiwa bado magotini, na huyo wakala namtilia shaka.

Leo alileta gulioni baiskeli ya mfano, springi mbele na nyuma. Bi Mwanahawa, mkulima, akaipakia gunia la mpunga. Nyuma ikadidimia hadi tairi likasugua fremu.

“Punguza mzigo, mama.”

“Nipunguze mpunga? Hiyo springi yako nitaipika na nazi?”

Gulio zima likacheka. Nikamwambia wakala aipande mwenyewe. Ghafla akakumbuka ana safari, akaingia garini.

Bi Mwanahawa anayo yake ya mtumba, ya kupandia milima. Baiskeli hizi za milimani zilianza zikiwa ngumu kotekote, bila springi, baadaye zikapata springi mbele, breki za diski na gia nyepesi. Nyuma yake imebaki ngumu, na hapo ndipo fundi alipofunga keria. Kwenye keria hiyo hubeba mpunga na kuni, na siku ya kliniki humbeba mama yake. Mchana alinilisha wali kwa kambale, nikakukumbuka sana.

Kwa nini wakala anazitaka saini zenu kwenye mkataba kabla ya Ijumaa? Nibusie wanao, kisha wasomee wanakamati wenzako haya: msisaini. Njooni Mkongo, pakieni gunia, mwendeshe wenyewe.

Dada yako, Rukia