Wamenichora Ukutani

Jumamosi, 5 Mei 2018. Braamfontein.

Jua la leo ni la mapambo tu. Linawaka tangu asubuhi na bado nimevaa sweta mbili.

Acha niandike kwa mpangilio, maana kichwani hakuna mpangilio wowote.

Asubuhi nilikuwa saluni kwa Furaha, dada wa Bukavu, Kongo, anayenisuka tangu nilipofika Joburg kuanza shahada ya uzamivu. Nusu ya kichwa ilikuwa imeshasukwa, nusu imesimama timtim. Simu ikatoa mlio wa ujumbe. Ilikuwa picha kutoka kwa Angmo, mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha Ladakh, kule milimani kaskazini kabisa mwa India. Mama yake, ambaye kijiji kizima humwita Ama Dolma, ndiye mshika ufunguo wa hekalu dogo la Kibudha ninaloliandikia tasnifu. Mwaka jana niliishi kwao mwezi mzima. Nililala karibu na jiko lao na kunywa chai yao ya siagi na chumvi mpaka nikaanza kuitamani.

Nikafungua picha huku natabasamu. Nilidhani ni paa.

Paa la hekalu lilikuwa linavuja, na maji yalikuwa yanashuka kidogo kidogo kuelekea kwenye michoro. Kabla sijaondoka nikamwachia Ama Dolma hela za kuziba. Sikumwambia mtu chuoni. Nilijiona mtu mwema sana, tena mwerevu: nimeokoa hekalu na nimeokoa utafiti wangu kwa mkupuo mmoja.

Halikuwa paa. Ulikuwa ukuta wangu, na ulikuwa unang'aa.

Labda nieleze kwa nini nauita wangu. Ukuta huo ulichorwa karne nyingi zilizopita. Katikati ameketi Buda, amezungukwa na watakatifu wengine, na hao wana watafiti wao wa kutosha. Mimi nilivutwa na safu ya chini kabisa, ambako kulikuwa na wanawake waliopiga magoti. Ndio waliogharamia mchoro, na desturi ya kule ni kwamba aliyegharamia huchorwa miguuni pa Buda. Walikuwa wamejifunika mashuka mazito mabegani, na nywele zao zilisukwa vijisuko vyembamba, vingi, hadi mgongoni. Siku ya kwanza nilipowaona kwenye picha moja mbovu maktabani nilicheka peke yangu. Mimi, binti wa Kimilili, Kenya, natazama wanawake wa milima ya barafu na naona nywele zangu.

Majina yao yaliandikwa chini yao, lakini yalishafutika. Hakuna anayejua walikuwa nani. Tasnifu yangu nzima ni hao: nguo zao, vito vyao, hiyo misuko, na jinsi mwanamke wa enzi hizo alivyoweza kuwa na mali hadi akajenga hekalu.

Sasa hawapo.

Kila kitu kimechorwa upya. Buluu mpya, nyekundu mpya, dhahabu kila mahali. Na pale chini imechorwa safu nyingine kabisa, ya watu wa kijiji. Nilimtambua mwenye duka kwa kofia yake. Nilimtambua Ama Dolma, ufunguo ukining'inia kiunoni. Nikaikuza picha kwa vidole, nikaisogeza hadi mwisho wa safu, upande wa kulia.

Nipo.

Nimepiga magoti na nimeshika ua. Miwani yangu ya duara ipo. Lile jaketi langu jekundu lililojaa manyoya limegeuzwa kuwa joho la hariri. Ngozi yangu ni kahawia iliyokolea, nami nimezungukwa na nyuso za rangi ya ngano. Na nywele, Mungu wangu, ni ile mistari ya kwenda nyuma niliyosukwa kabla ya safari.

Furaha aliinama begani kwangu kuona ninachokikodolea macho, akapiga ukelele hadi wateja wakageuka.

"Eish! Dada, njo weye! Na ile misuko ni yangu! Bamechora kazi yangu mu kanisa ya batu!"

Kisha akasita, kitana kikiwa hewani. Ni mlokole wa kweli kweli, huyu.

"Lakini... batu ba kule batakuabudu weye?"

Nikamwambia hapana, wanaoinama ni sisi tuliochorwa chini. Akasema hiyo ni mbaya zaidi.

Sikuweza kuinuka kwenye kiti kwa sababu ya hiyo nusu ya kichwa. Nikampigia msimamizi wangu wa tasnifu hapo hapo, Furaha akiendelea kusuka. Nikamweleza yote. Halafu akauliza swali nililokuwa naliogopa: picha za safu ya chini ninazo?

Sina. Mbele ya safu ile kulikuwa na masanduku ya bati yenye vyombo vya ibada, na niliona haya kumwomba Ama Dolma ayasogeze, mtu aliyekuwa ananipa kitanda na chakula bure. Nikajiambia nitarudi Agosti hii, tutakuwa tumezoeana vya kutosha. Nilichonacho ni picha chache zilizopigwa kwa mwanga wa tochi, vichwa vinavyochungulia juu ya masanduku. Adabu zangu zimeniponza.

Msimamizi akaniambia niulize jambo moja tu: mchoraji alipaka juu ya ile ya zamani, au aliikwangua kwanza? Kama alipaka juu, wale wanawake bado wako chini ya rangi, na kuna wataalamu wanaoweza kuibandua rangi mpya pole pole mpaka ya kale itokee. Itabidi tu nilalamike rasmi kwa wahusika wa kule.

Nimetembea kutoka saluni hadi chumbani nikiwa na hilo moyoni. Nimevuka robot, kama waitavyo huku taa za barabarani, ikiwa nyekundu na kutukanwa na dereva wa teksi, na ninamwelewa. Nilikuwa naomba. Nilikuwa namwomba Mungu wa mama yangu kwamba nyuma ya uso wangu awepo mwanamke mmoja, mzima, anasubiri. Nilikuwa nauona uso wangu unabanduliwa na nafurahi.

Halafu nikamwona Ama Dolma amesimama mlangoni na ufunguo wake, anatazama wageni kutoka mjini wakinibandua, mimi na yeye na mwenye duka na kila mtu, kwa sababu mimi nimelalamika.

Bado nilitaka wabandue. Naliandika hili ili nisije kujidanganya baadaye.

Kwanza nilimuuliza Angmo kwa upole kwa nini walichora upya. Jibu lake nimelisoma mpaka nimelikariri. Ameandika kwamba mwaka jana niliwaambia watu wa kijiji, nikiwa nimesimama mle hekaluni, kuwa safu ile ni ya thamani kuliko chochote walicho nacho. Hakuna aliyewahi kuwaambia hivyo. Waliposogeza masanduku ili watengeneze paa, wakaona jinsi ilivyochakaa, wakaona aibu. Kitu cha thamani unawezaje kukiacha katika hali ile? Wakachanga. Wakamleta mchoraji kutoka bonde la pili, mtu aliyefundishwa na baba yake, na kila nyumba ikampikia kwa zamu tangu barafu ilipoanza kuyeyuka. Kwao kuifanya upya sura takatifu ni tendo jema kubwa. Na mimi ndiye niliyeanza kutoa, kwa hiyo nisingeweza kukosekana ukutani.

Kwa hiyo ni mimi. Hela zangu na mdomo wangu. Ningekaa kimya na kuliacha paa livuje, leo wale wanawake wangekuwepo.

Nikauliza lile swali la msimamizi.

Alikwangua. Rangi mpya haishiki juu ya ile iliyokufa, Angmo anasema. Lakini nisiwe na wasiwasi, hawakutupa hata chembe, maana ule udongo ni mtakatifu. Waliukusanya wote, wakausaga, wakaukanda pamoja na udongo mpya, na ndio waliousiriba ukutani kabla mchoraji hajaanza.

Nililia kwa sauti mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kama kuna msiba.

Nilipoirudia simu kulikuwa na swali lingine. Jina langu liandikwe vipi? Wengine wote wameshaandikwa chini ya picha zao, ili watajwe wakati wa sala. Nafasi yangu ndiyo iliyobaki wazi, na mchoraji anaondoka kesho.

Niliandika "Msiniandike", nikafuta. Niliandika "Nifuteni", nikafuta. Kisha nikamfikiria mwanafunzi wa karne nyingine, amechuchumaa mbele ya ukuta huo na tochi yake, anajiuliza huyu mweusi mwenye miwani alikuwa nani na alitaka nini. Atadhani niliutaka huo ukuta mpya. Atanisifu, maskini.

Nikatuma: "Nekesa wa Kimilili. Alitoa kwa ajili ya paa tu."

Angmo ameuliza kama hilo "tu" ni sehemu ya jina. Nimemwambia ndiyo, liandikwe.

Amejibu sasa hivi. Ama Dolma anasema jina langu ni refu kuliko ya wote, lakini watalibana litoshe. Na anauliza, amekaa hapo pembeni anasubiri: nimefurahi?

Tiki zimeshakuwa za buluu. Anajua nimesoma. Nimwambie nini?