Pua Ninayo, Uso Sina

Jumanne, Karama. Joto la nchi hii ya Waarabu limeshika hadi kuta za bafu zinatoa jasho. Nimepiga mswaki, nimetafuna tangawizi, na bado ulimi wangu una uchungu ule ule wa mchana.

Leo kazini nimeonja mvinyo mwekundu wa Kihispania, ule wa kizamani unaolazwa miaka kwenye pipa la mwaloni.

Niseme ukweli, nimechukizwa. Mtu akikwambia kitu ni ghali unategemea angalau kiwe kitamu. Huu ulinikausha mdomo kama nimeuma ndizi mbichi. Kisha ikaja mbao, mbao kabisa, kana kwamba mtu ameosha kabati jipya akanipa yale maji. Nyuma ya mbao kuna siki, na nyuma ya siki kuna kiatu cha ngozi kilichonyeshewa. Juu ya yote hayo harufu ya vanila, kama mtu aliyekataa kuoga akajipulizia marashi.

Na ile ndoo ya kutemea, maana mvinyo wa kuonjwa haumezwi. Wahudumu wote tunatemea ndoo moja, inapita mkono kwa mkono na mate ya wenzako yanacheza ndani. Ilipofika kwangu nilifumba macho.

Sir, msimamizi wa mgahawa wetu, akaniuliza nimepata ladha gani. Nikamtajia mbao, ngozi na vanila. Kiatu nilikiacha. Alifurahi mno. Lakini akasema pua ninayo, uso sina: mgeni akiuona uso nilioukunja, khalas, basi, ataagiza maji. Kesho nitaonja tena mbele ya meneja. Nisipokunja uso, nitaacha kubeba sahani chafu na kuanza kuuza mvinyo. Nikikunja, nafasi ni ya mwingine.

Hiyo nafasi naitaka tangu nishuke kwenye ndege.

Jioni nimejizoeza mbele ya kioo, na siki iliyochanganywa na chai ya rangi iliyopoa. Nakato, Mganda ninayelala naye chumba kimoja, alicheka mpaka akashikilia kitanda. Nilikasirika, halafu nikajiangalia nikaona ana haki.

Uso huo naujua. Kwetu Bomet tuna mursik, maziwa yanayogandishwa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa, na wageni wengi wakiyaonja hukunja sura vivyo hivyo. Nasi huwa hatusahau aliyekunja. Wifi yangu, mke wa kaka, ni mtu wa Mombasa. Siku ya kwanza kuletwa nyumbani alipewa kikombe kimejaa, akakimaliza akitabasamu. Mama anamsifu mpaka leo. Hajui kwamba alikwenda kutapika nyuma ya jiko.

Nikampigia wifi simu, nikamuuliza aliwezaje.

"Wifi yangu, mie kikombe sikukiangalia kabisa," akasema. "Nilimwangalia mamako. Nilikuwa nataka anipende."

Tangu akate simu nimekaa na hilo jibu. Nimewapitia wote kichwani: sir, meneja, wale wageni wanaoniomba mkate bila kuinua macho kwenye simu zao. Sijamwona hata mmoja ninayetaka anipende. Ninachotaka ni kuachana na sahani chafu tu, na sahani huwezi kuitabasamia.

Kesho saa kumi nitapewa glasi ile tena. Nitamwangalia nani?